Somo la Kumi na Mbili: Siri ya Mgonjwa na Roho ya Mtu Mwingine

  Kaeni vizuri, taa iwekwe mahali ambapo kila mmoja ataweza kuuona ukurasa wake, na kiongozi wa kundi afuatishe kwa kidole pamoja na wale ambao bado wanasoma polepole. Kusoma polepole si aibu. Maneno matatu ya leo yawe yameandikwa ubaoni: siri, amana, na saikolojia. Mawili ya kwanza mnayajua tangu utotoni. La tatu ni geni kwa baadhi yenu, basi tulieleze.

Saikolojia ni elimu inayochunguza akili ya binadamu, hisia zake na mwenendo wake. Mwenye elimu hiyo huitwa mwanasaikolojia. Wako wanaofanya kazi mashuleni, wako wanaofanya kazi viwandani, na wengine wako vyuoni wakifanya utafiti. Leo twazungumza juu ya wale wanaotibu watu. Mtu aliyezidiwa na huzuni, au hofu, au hasira, mtu asiyepata usingizi, huenda kwa mwanasaikolojia. Wakakaa wawili chumbani, mlango umefungwa, wakazungumza. Mtaalamu huyu hana sindano wala kisu, na mara nyingi hata kidonge hatoi. Dawa yake ni mazungumzo. Kwa sababu hiyo wako watu wasemao kwamba hiyo si kazi, ni maongezi ya barazani yenye mshahara. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni nilifikiri hivyo, mpaka nilipoisoma kesi nitakayowasimulieni.

Lakini kabla ya kesi, tuanze na jambo mnalolijua.

Wengi wenu mmeingia darasani kwa sababu moja: mmechoka kusomewa barua. Mama mmoja aliniambia hivyo waziwazi siku ya kuandikishwa. Mwanawe yuko mbali, barua imefika, naye hana budi kumwita kijana wa jirani amsomee. Kijana asoma. Tangu siku hiyo kijana ajua mwana anadaiwa na nani, ajua mkwe ana mimba ya miezi mingapi, ajua nani amelaaniwa na nani amesamehewa. Siku hizi mara nyingi ni ujumbe wa simu badala ya barua, lakini mambo ni yale yale. Je, kijana huyo akienda kuyatangaza kisimani, mama atamwita tena? Hatamwita. Barua ya pili itafika, nayo itakaa chini ya mto bila ya kusomwa.

Mwanasaikolojia yuko katika hali ya kijana yule, ila mambo anayosomewa yeye hayakuandikwa popote. Yamo moyoni mwa mtu. Mgonjwa asipokuwa na hakika kwamba maneno yake yatabaki chumbani, hasemi. Na asiposema, hakuna matibabu. Kwa hiyo kutunza siri si adabu tu katika kazi hii. Ni chombo cha kazi, kama jembe la mkulima. Siri ya mgonjwa ni amana.

Nami niliwahi kuwa kijana wa barua. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha darasa la jioni, mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima aliyenizidi umri, alinipa barua ya mdogo wake nimsomee. Katikati ya barua mdogo mtu aliandika kwamba amechoka na ugomvi wa mpaka wa shamba, na kwamba mwezi huo atayamaliza mwenyewe kwa panga. Nikasita. Mzee akaniambia, "Endelea, Mwalimu." Nikamaliza. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akasema, "Hayo ni ya nyumbani." Sikumwambia mtu. Baadaye nilisikia kwamba wazee waliwapatanisha, na damu haikumwagika. Lakini nawaambieni kweli, usiku ule sikulala, na hata leo siwezi kusema kama nilifanya vema au nilibahatika tu.

Sasa tuje kwa wenye kazi yao.

Wanasaikolojia wa Marekani wana chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1892. Kwa miaka mingi chama hicho hakikuwa na kanuni zilizoandikwa za mwenendo mwema wa kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, idadi ya wanaotibu watu ilipoongezeka, waliona kwamba hawana budi kuziandika. Njia waliyoitumia yapendeza. Hawakuwafungia wakubwa watatu ofisini watunge amri. Mwaka 1948 waliwaandikia barua wanachama wao wote, yapata 7,500, wakawaambia: tuelezeni mambo yaliyowafika katika kazi ambayo hamkujua lipi la haki. Majibu yaliyorudi yalikuwa zaidi ya 1,000. Mambo hayo ya kweli ndiyo yaliyochambuliwa, na kanuni zikatolewa mwaka 1953. Kwa maneno mengine, kanuni zile zilizaliwa na watu waliokuwa tayari wamesimama njia panda.

Hata hivyo kanuni haimwambii mtu kila kitu. Mwaka 1969 mwanasaikolojia mmoja alifika njia panda ambayo mpaka leo wanafunzi wa kazi hiyo husimuliwa habari yake.

Mahali ni mji wa Berkeley, katika Jimbo la California, penye chuo kikuu kikubwa. Mwezi wa Septemba 1967 alifika hapo kijana kutoka Bengal, nchini India, jina lake Prosenjit Poddar. Alitoka katika tabaka la chini kabisa la kwao, wale waliokuwa wakiitwa watu wasioguswa, naye kwa akili zake alifika kusoma elimu ya juu ng'ambo ya bahari. Alikaa katika nyumba ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali. Mwaka 1968 akaanza kuhudhuria pale mafunzo ya ngoma za kienyeji za mataifa, na huko akakutana na msichana aitwaye Tatiana Tarasoff. Walionana kila wiki. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, msichana alimbusu.

Hapa ndipo matata yalipoanza. Kwa huyu msichana busu lile lilikuwa jambo dogo la sikukuu. Kwa kijana lilikuwa kama ahadi. Tatiana alipotambua anavyofikiri, alimwambia wazi kwamba hana nia ya kuwa mchumba wake. Kijana akavunjika moyo. Aliacha kujitunza, akaacha masomo, akawa analia peke yake na kusema maneno yasiyoungana. Walipoonana mara moja moja aliyanasa mazungumzo yao kwa mashine ya kurekodi sauti, kisha akawa anayasikiliza kutafuta sababu ya kutopendwa. Fikirini hali ya mtu huyo. Sisemi hivi ili mumwonee huruma kuliko msichana. Nasema ili mjue kwamba aliyefika kwa mwanasaikolojia alikuwa mgonjwa kweli.

Katika majira ya joto ya 1969 Tatiana alisafiri kwenda Brazil. Rafiki wa Poddar akamshauri aende hospitali ya chuo akatibiwe. Akaenda. Aliyemhudumia ni mwanasaikolojia Dakta Lawrence Moore. Katika mazungumzo yao Poddar alisema kwamba atamwua msichana mmoja atakaporudi kutoka Brazil. Jina hakulitaja, lakini haikuwa vigumu kumjua ni nani.

Sasa jitieni katika kiti cha Dakta Moore. Mbele yako ameketi mtu aliyekuamini. Watu wangapi husema kwa hasira, "Nitamwua yule"? Mara nyingi ni moshi, hakuna moto. Ukikimbia kwa polisi kila mtu asemapo hivyo, chumba chako kitakuwa kitupu, na wenye hasira ya kweli watakaa nayo kimya majumbani. Usipokimbia, na safari hii ikawa ndiyo yenyewe, je?

Nilipolijaribu somo hili katika darasa moja kabla ya kulisoma redioni, mvuvi mmoja alisimama akasema, "Mimi namfunga kamba huyo, siri baadaye." Mama mmoja akamjibu, "Na wewe siku utakapokuwa na lako moyoni utakwenda wapi?" Darasa likacheka, lakini mvuvi hakucheka. Basi nanyi semezaneni. Somo litangoja dakika tano. Kiongozi asikubali wanaume peke yao waseme.

(Hapa palipigwa muziki, makundi yakajadiliana.)

Tuendelee. Dakta Moore hakukaa kimya, wala hakuamua peke yake. Aliwaendea madaktari wenziwe wawili, nao wakakubali kwamba mgonjwa yafaa azuiliwe hospitalini achunguzwe. Sheria ya California iliruhusu kumzuilia mtu wa namna hiyo kwa saa 72. Tarehe 20 Agosti 1969 Moore aliwaambia polisi wa chuo kwa mdomo, kisha akawaandikia barua akiomba wamsaidie kumpeleka. Yaani alikwisha kuitoboa siri, lakini kwa polisi.

Polisi wakamkamata Poddar. Wakazungumza naye wakamwona ni mtu mwenye akili timamu. Wakamtaka aahidi kwamba atakaa mbali na msichana. Akaahidi. Wakamwachilia.

Kisha mkuu wa idara ya matibabu ya akili katika hospitali ile aliwaomba polisi wairudishe barua ya Moore. Akaamuru nakala zake na maandishi ya matibabu yaharibiwe, na kwamba pasichukuliwe hatua ya kumweka Poddar hospitalini. Sitaki kumhukumu mtu kwa mambo ya zamani nisiyoyashuhudia. Labda aliona kwamba haki ya mgonjwa imevunjwa, ataka kuirekebisha. Lakini tazameni matokeo. Siri ilikwisha kutoka, na aliyehitaji kuijua kuliko watu wote hakuijua. Tatiana hakuambiwa. Wazazi wake hawakuambiwa. Ndugu yake wa kiume hakuambiwa, naye Poddar alimshawishi wakapanga nyumba pamoja, karibu na nyumbani kwa msichana. Ndugu alikuwa akilala chini ya paa moja na mtu aliyekwisha kusema atamwua dada yake, naye hana habari.

Poddar aliacha kwenda kwa mwanasaikolojia.

Tatiana alirudi kutoka Brazil. Tarehe 27 Oktoba 1969 Poddar alikwenda nyumbani kwao. Mama mtu akamwambia hayupo, akamtaka aondoke. Baadaye akarudi, ana bunduki ndogo ya upepo na kisu cha jikoni, akamkuta msichana yuko peke yake. Tatiana alikataa kuzungumza naye, na alipong'ang'ania, akapiga kelele. Akampiga kwa ile bunduki. Msichana akakimbia nje, akamfuata, akamchoma kisu mara nyingi mpaka akafa. Halafu Poddar alirudi ndani ya nyumba, akawapigia simu polisi yeye mwenyewe.

Tatiana alikuwa na umri wa miaka 20.

Poddar alihukumiwa kwa kosa la kuua. Mwaka 1974 hukumu hiyo ilitanguliwa, kwa sababu wazee wa baraza la mahakama hawakuelezwa sheria sawasawa katika kuamua hali ya akili yake. Hakushitakiwa tena, aliachiliwa kwa sharti la kurudi kwao India.

Wazazi wa msichana walipeleka chuo, madaktari na polisi mahakamani. Neno lao lilikuwa fupi: mlijua, na hamkutuambia. Upande wa pili ukajibu: yule hakuwa mgonjwa wetu, mgonjwa wetu alikuwa Poddar, na wajibu wetu ulikuwa kwake. Msilicheke jibu hilo. Kwa muda mrefu sheria za nchi nyingi zilimtazama daktari hivyo. Ana deni kwa yule aliyemtibu, si kwa mtu apitaye njiani.

Shauri lilifika mahakama ya juu kabisa ya California. Mwaka 1974 majaji waliamua kwamba waganga wa akili hupaswa kumwonya mtu aliye hatarini. Wenye kazi walilalamika sana, hata mahakama ikakubali kulisikiliza shauri mara ya pili. Uamuzi wa mwisho ulitolewa mwaka 1976, na Jaji Mathew Tobriner aliandika kwa niaba ya majaji walio wengi. Alikubali kwamba siri ya mgonjwa ni jambo kubwa na lenye faida kwa watu wote. Lakini ulinzi wa siri hiyo, alieleza, una mpaka, na mpaka wake ni pale hatari kwa watu wengine inapoanzia. Mganga anapojua, au kwa kipimo cha kazi yake alipasa kujua, kwamba mgonjwa wake ni hatari kubwa kwa mtu fulani, hana budi kuchukua hatua ya busara ya kumlinda mtu huyo. Hatua yenyewe yategemea hali: kumwonya mwenyewe, kuwaambia polisi, au kufanya jambo jingine lifaalo.

Angalieni tofauti ya maneno mawili. Mwaka 1974 neno lilikuwa kuonya. Mwaka 1976 likawa kulinda. Andikeni maneno hayo katika daftari zenu, moja chini ya jingine. Kuonya ni kufikisha habari tu. Kulinda ni kuhakikisha mtu hadhuriki, na kwaweza kufanyika hata bila ya kumwambia neno. Kwa mfano, mgonjwa akikubali mwenyewe kulazwa hospitalini. Waliopinga uamuzi wa kwanza walipata nafuu kidogo katika neno hilo la pili. Polisi hawakuonekana kuwa na deni kwa wazazi. Shauri dhidi ya waganga lilimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama.

Lakini majaji hawakuwa na kauli moja. Jaji Clark alipinga. Alisema kwamba wagonjwa wakijua kuwa mganga aweza kuwatoa, watanyamaza, na wenye ghadhabu ya hatari wataacha kuja; basi sheria iliyokusudiwa kuokoa watu itawaacha wengi zaidi bila ya tiba, na ukatili utaongezeka. Jaji Mosk naye alikuwa na shaka ya namna nyingine. Alisema: ni nani awezaye kutabiri kwamba mtu huyu ataua? Ikiwa mganga mwenyewe ametambua kwamba hatari ipo, sawa, na afanye jambo. Lakini kumlaumu kwa kuwa alipasa kutambua ni kumdai elimu ambayo waganga wa akili hawana.

Mimi nakubaliana na majaji walio wengi, ila si kwa moyo mweupe. Nikimfikiria yule ndugu na chumba chake cha kupanga, naona kwamba hakuna siri inayostahili bei ile. Nikimfikiria Poddar akiacha kwenda kwa daktari, naona hoja ya Jaji Clark si upuuzi. Dakta Moore alilipa gharama ya kuvunja siri, kisha hakupata kile ambacho siri ilivunjwa kwa ajili yake. Nadhani hilo ndilo baya kuliko yote katika habari hii. Hakukosa moyo, alifikisha neno mahali pasipofaa likafia hapo.

Msidhani kwamba uamuzi ule ndiyo sheria ya dunia nzima, wala ya Marekani nzima. California yenyewe iliuwekea mipaka kwa sheria ya mwaka 1985: mgonjwa awe amemwambia mganga tishio kubwa la kumdhuru mtu anayeweza kutambulikana. Mganga naye hulindwa na sheria akijitahidi kufikisha habari kwa mtu huyo na kwa polisi pia. Angalieni kwamba wote wawili wametajwa. Jimbo la Texas lilishika njia nyingine. Huko mgonjwa mmoja alimwambia daktari wake wa akili kwamba aliona hamu ya kumwua baba yake wa kambo, ila amekwisha kuamua kutofanya hivyo. Daktari hakuwaonya watu wa nyumbani. Alipotoka hospitalini, haukupita mwezi, alimwua. Mjane akashitaki, na mwaka 1999 mahakama ya juu ya Texas ilikataa kuweka wajibu wa kuonya. Sheria ya huko ilimruhusu daktari kuwaambia polisi au waganga wengine, lakini haikumlazimisha. Basi nchi ni moja, bendera moja, na mtu mwenye kazi ile ile akivuka mpaka wa jimbo, lililokuwa lazima lageuka kuwa hiari.

Kwa jirani zetu wa Kenya, washauri nasaha na wanasaikolojia walitungiwa sheria yao mwaka 2014.

Siri si mtihani pekee wa kazi hii, ingawa nimeipa nafasi kubwa. Kiwanda kimemlipa mwanasaikolojia awapime waombaji kazi: mwenye haki ya kwanza ya kujua matokeo ni aliyelipa au aliyepimwa? Msichana wa miaka 14 amesema jambo lake, na baba yuko mlangoni, "Nimelipa mimi, niambie." Katika mji mdogo mgonjwa ndiye mwenye duka mnalonunua sukari, au ndiye mwalimu wa mtoto wako, utamsikiliza asubuhi, na jioni umkope? Na ikiwa anayekuajiri ni serikali, nayo yataka elimu yako ya moyo wa binadamu itumike kumvunja moyo mfungwa anayehojiwa? Jambo hilo lilitokea Marekani baada ya mwaka 2001. Liliaibisha sana chama kile nilichokitaja, na mwaka 2015 kilipiga kura kuwakataza wanachama wake kushiriki katika mahojiano ya namna hiyo. Hayo yataka somo lake.

Turudi kwenye chumba chetu chenye mlango uliofungwa. Wanasaikolojia wenye mafunzo mema hufanyaje leo? Kwanza, siku ya kwanza kabisa, kabla mgonjwa hajasema lolote, humwambia mpaka wa siri uko wapi. Humwambia: utakayosema yatabaki hapa, ila ukinieleza kwamba wataka kujiua, au kumdhuru mtu, au kwamba mtoto anateswa, nitalazimika kutafuta msaada. Hivyo mgonjwa hasalitiwi. Asemapo, asema akijua. Wako wasemao kwamba maneno hayo ya kwanza humfunga mtu mdomo. Wengine hufungwa, ni kweli. Lakini mtu aliyeambiwa mapema na akasema vilevile, huenda ndani yake anaomba azuiwe.

Pili, mganga hutofautisha moshi na moto kwa kuuliza. Unamfikiria nani? Umepanga lini? Una silaha gani? Umewahi kumpiga mtu? Watu wengi huogopa maswali hayo, wakidhani kwamba kumwuliza mtu juu ya kuua ni kumtia wazo. Kumbe mwenye hasira ya kawaida mara nyingi hushituka akasema, "La, sina maana hiyo," na mwenye mpango hujulikana kwa jinsi majibu yake yalivyo tayari. Tatu, hushauriana na mwenzake, kama Moore alivyofanya, na huandika aliyoyaona na sababu ya alichoamua. Tena hujaribu njia ndogo kabla ya kubwa: kumwona mgonjwa mara nyingi zaidi kwa wiki, kumwomba ruhusa ya kumwita ndugu yake, kumshawishi akabidhi silaha, kumshawishi alazwe. Akilazimika kutoa siri, hutoa kiasi kinachotosha kumlinda mtu, si habari yote ya maisha ya mgonjwa. Kumwambia mtu "Jihadhari na fulani" hakuhitaji kumweleza utoto wa fulani.

Dakika zetu zimekaribia kwisha. Kazi ya wiki hii ni hii. Wanaoweza kuandika sentensi tano na waandike. Walio nyuma wamwambie kiongozi naye awaandikie, kisha wanakili kwa mkono wao. Mgonjwa amemwambia mwanasaikolojia, "Nilikuwa na nia ya kumchoma moto mpangaji wangu, lakini juzi nilimsamehe." Mafuta ya taa aliyoyanunua bado yako nyumbani, naye hataki kuyatoa. Mpangaji ana watoto wawili. Wewe ndiye uliye katika kile kiti, na mgonjwa amekwisha kusimama ataka kwenda zake. Andikeni neno la kwanza mtakalomwambia kabla hajafika mlangoni.

Majibu yakusanywe na kiongozi kabla ya Alhamisi. Wasalaam.